Bakteria Wanaolinda Mizizi ya Kibanja

Leo nazungumza hasa na wenzetu wa Kimuli, na majirani zao wa Nkwenda, Isingiro na Kaisho, hadi Kayanga kule Karagwe. Yaani ninyi wenye migomba, kahawa na maharage ndani ya kibanja kimoja. Aliye mbali asizime redio, kwani udongo wake nao una viumbe hawa nitakaowataja.

Nianze na swali. Ukisikia neno bakteria, ndugu msikilizaji, unafikiria nini? Nadhani najua. Unafikiria mnyauko bakteria, ule unyanjano uliogunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 2006, wilayani Muleba, kisha ukasambaa kibanja kwa kibanja mpaka watu ambao zamani walikuwa wanagawa ndizi wakaanza kuzinunua. Familia zimelala na njaa kwa sababu ya ugonjwa ule. Kwa hiyo leo nikija kukuambia kwamba wapo bakteria wa kuwakaribisha shambani, una haki ya kushangaa. Lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu bakteria hao unao tayari, wengine umewatunza miaka yote bila kujua, na wengine unawaua bila kujua.

Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba kinaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja. Walio wengi hawana ubaya wowote na mimea. Na miongoni mwao wamo wanaopambana na fangasi, au kuvu kama wataalamu wanavyowaita, wale wanaoozesha mizizi na kuziba mishipa ya maji ya mmea. Hao ndio mada yetu leo: bakteria wa udongo wanaozuia magonjwa ya fangasi.

Ila kabla ya dawa, tuujue ugonjwa. Hapa naomba tutulie kidogo, maana watu wengi wanapoteza fedha kwa kutibu ugonjwa ambao hawana.

Chukua panga, nenda kwenye mgomba unaonyauka. Tazama majani. Mnyauko fuzari, ambao ni wa fangasi, huanzia majani ya chini, yale yaliyokomaa. Jani linakuwa njano pembeni, njano inasogea ndani kuelekea uti wa jani, halafu kikonyo kinavunjika na jani linaning'inia shinani. Siku zikipita, majani makavu yanauzunguka mgomba pande zote, huku jani changa la juu likiwa bado limesimama. Mara nyingine shina linapasuka karibu na ardhi. Sasa likate shina hilo. Utaona vidoa na michirizi ya kahawia au nyekundu iliyokoza, na hakuna usaha. Pasua ndizi yenyewe: ndani ni nzima.

Unyanjano ni tofauti. Ua dume linanyauka na kusinyaa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, tena bila mpangilio. Ukipasua ndizi unakuta rangi ya kutu ndani. Na shina likikatwa, ukisubiri dakika chache, linatoa majimaji mazito ya njano. Ukiona hayo, huo ni mnyauko bakteria, na haya ninayoyasema leo hayautibu. Narudia ili aliyechelewa kuwasha redio asikie: bakteria wema wa leo hawatibu unyanjano. Unyanjano dawa yake ni ile ile mnayoijua: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kukata shina lililougua.

Kuna alama nyingine ya kukusaidia. Ndizi zetu za asili za kupika, zile za matoke, kwa kawaida zinauhimili mnyauko fuzari tulio nao hapa. Zinazokufa ni kayinja ya kukamulia rubisi, na kisukari. Kwa hiyo kama kayinja zako zinakauka moja baada ya nyingine na matoke ya jirani yake yamesimama vizuri, mshuku fangasi.

Kwenye kahawa je? Robusta yetu nayo ina mnyauko fuzari wake, unaoletwa na ndugu wa fangasi yule yule wa jamii ya Fusarium. Uliingia Kagera katika miaka ya 1990, na wenzetu wa Uganda uliwaulia karibu nusu ya miti yao ya robusta. Kwangua ganda la shina karibu na ardhi kwa ncha ya kisu. Ukikuta chini ya ganda mti una michirizi ya kahawia au ya bluu iliyokoza kuelekea weusi, basi ndio wenyewe. Na maharage: mche unadumaa, unakuwa njano, na ukiuvuta unatoka kirahisi kwa sababu mzizi mkuu umeoza na kuwa mwekundu-kahawia. Fangasi tena.

Sasa tuwarudie rafiki zetu. Utajuaje kwamba bakteria anaweza kumsaidia mmea? Huhitaji darubini. Nenda kwenye shamba la maharage linaloanza kutoa maua. Chimbua mche mmoja taratibu kwa jembe, usiuvute, kisha usuuze mizizi kwenye maji. Utaona vinundu vidogo vimeng'ang'ania mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Ndani ya kinundu hicho wanaishi bakteria wanaoitwa raizobia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kumpa mmea. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kiliwahi kuwatengeneza bakteria hao kama mbolea ya kupaka kwenye mbegu, wakaiita Nitrosua. Kwa hiyo kupaka bakteria kwenye mbegu si jambo geni nchini kwetu.

Raizobia kazi yao ni kulisha. Wanaopigana na fangasi ni wengine, wanaoishi juu ya mizizi na kandokando yake. Wawili ndio wanaojulikana sana. Wa kwanza anaitwa Bacillus subtilis, wa pili Pseudomonas fluorescens. Majina ni mazito, najua. Tuwaite tu Basilasi na Sudomonasi ili tuelewane.

Wanapiganaje?

Mizizi ya mmea hutoa utomvu wenye sukari, na fangasi wa ugonjwa huvutwa na utomvu huo. Bakteria hawa wakiwahi kufika, wanaufunika mzizi na kuula utomvu wenyewe. Ni sawa na mgeni asiyealikwa anayefika akakuta mkeka umejaa watu na sinia limekwisha. Anazunguka, hapati pa kukaa.

Basilasi anakwenda mbali zaidi. Anatoa kemikali zenye tabia ya sabuni zinazotoboa ngozi nyembamba ya fangasi, na vilivyomo ndani vinavuja. Sudomonasi yeye ana njia ya madini ya chuma. Kila kiumbe kinahitaji chuma kidogo ili kikue, fangasi akiwemo. Sudomonasi anatoa kitu kinachonasa chuma chote kilichopo karibu na mzizi, na fangasi anadumaa kwa kukosa. Na kuna jambo ambalo mimi binafsi ndilo hunistaajabisha kuliko yote: bakteria hawa wakikaa kwenye mizizi, mmea mzima unaamka. Jani lililo juu, ambalo halijawahi kuguswa na bakteria huyo, linakuwa tayari kujikinga haraka zaidi adui akija.

Je, haya ni maneno ya maabara tu? Hapana. Kusini mwa Ufaransa kuna mahali panaitwa Châteaurenard. Wakulima wa huko hulima matikiti, na mashamba ya matikiti mahali pengi husumbuliwa na mnyauko fuzari. Lakini kwenye udongo wa Châteaurenard ugonjwa haukushika, ingawa fangasi mwenyewe alikuwepo. Watafiti wakauchunguza udongo ule katika miaka ya 1970. Waliupasha joto mpaka viumbe wake wakafa. Unajua kilichotokea? Ugonjwa ukaingia. Kisha wakachukua udongo mzima kidogo wakauchanganya kwenye ule uliouawa, na kinga ikarudi. Udongo ni ule ule, mchanga ni ule ule, madini ni yale yale. Kilichoondoka na kurudi ni viumbe hai. Walipoendelea kuchunguza wakakuta humo wamo Sudomonasi, pamoja na fangasi wasio na madhara wanaomnyima chakula fangasi mbaya.

Karibu na kwetu zaidi ni Ethiopia, asili ya kahawa ya arabika. Watafiti walikusanya bakteria kutoka kwenye mizizi ya mibuni ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo, wakawapambanisha na fangasi wa Fusarium wanaoishambulia kahawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba baadhi ya Sudomonasi na Basilasi waliwazuia fangasi hao kukua. Lile lilikuwa pambano la kwenye sahani za maabara, na shamba lina mvua, jua na mchwa. Hata hivyo linatuambia kwamba mibuni yenyewe imejizungushia marafiki.

Na hapa hapa Tanzania tunayo dawa hai iliyokwisha kusajiliwa dhidi ya fangasi. Mnakumbuka mwaka 2016, ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipopoteza maisha kwa sumukuvu ya mahindi? Miaka miwili baadaye ikasajiliwa Aflasafe TZ01. Ile si bakteria, ni fangasi asiyetoa sumu anayemwagwa shambani ili achukue nafasi ya fangasi mwenye sumu. Lakini wazo ni lile lile: jaza nafasi kwa kiumbe mwema kabla mbaya hajafika.

Kabla mbaya hajafika. Naomba maneno hayo muyashike, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Hakuna bakteria anayeufufua mgomba uliokwisha kunyauka kwa fuzari. Hakuna. Fangasi akishaingia kwenye mishipa ya maji, amekwisha kuingia. Anayekuuzia chupa akisema itarudisha kayinja iliyokauka, mwambie asante na uendelee na safari yako. Bakteria ni kinga: ya mbegu kabla ya kupandwa, ya mche ungali kitaluni, ya mzizi mchanga.

Sasa turudi kibanjani, maana hapo ndipo penye neno langu kubwa la leo.

Wazee wetu wa Karagwe walipanda migomba kwenye vilima hivi kwa vizazi vingi, na udongo wa kibanja ukazidi kuwa mweusi na laini. Waliufanyaje? Walikuwa na ng'ombe, na samadi yote ilikwenda migombani. Walikata nyasi za rweya, zile mbuga za malisho zilizo nje ya vibanja, wakazitandaza chini ya migomba mpaka ardhi isionekane. Majani ya mgomba, maganda ya ndizi na majivu ya jikoni vyote vilirudi shambani. Ndugu zangu, ule ulikuwa ufugaji wa bakteria. Bakteria wa udongo wanakula vitu vinavyooza. Wanapenda unyevu na kivuli. Chini ya matandazo wanapata vyote.

Kisha nini kikatokea? Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wengi sana katika ukanda huu. Baadaye watu wakaongezeka, rweya zikapungua, nyasi zikawa za kununua. Leo nenda kwenye vibanja vingi: ardhi iko wazi, jua linaichoma, mvua inaibeba. Samadi hakuna au ni kidogo. Majani ya mgomba yanafungwa mizigo kwenda kuuzwa. Halafu tunashangaa magonjwa ya mizizi yanatoka wapi! Udongo usiolishwa hauna wa kuulinda. Nasema hivi bila kumlaumu mtu, maana najua bei ya tripu moja ya samadi na najua urefu wa kilima cha kubebea nyasi. Lakini ni lazima lisemwe: chupa ya bakteria ukiimwaga kwenye udongo mkavu usio na chakula, umemwaga fedha. Watakufa kwa njaa.

Karagwe tuna mfano wa watu waliojaribu kuurudishia udongo chakula chake. Mradi wa MAVUNO, ambao ni shirika la wakulima wenyewe, ulishirikiana na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, kujaribu mboji iliyochanganywa na unga wa mkaa, majivu na mabaki ya jikoni na shambani, pamoja na kinyesi kilichopashwa joto kuua vimelea. Katika majaribio ya shambani ya mwaka 2014, mahindi yaliyopata mboji ile yalizaa kwa wingi zaidi kuliko yaliyopandwa kwenye udongo mtupu. Uchachu wa udongo ulipungua na fosforasi ikapatikana kwa mizizi. Majaribio yale yalikuwa ya rutuba, hayakuwa ya fangasi. Nayataja kwa sababu fuzari hustawi kwenye udongo wenye uchachu, na bakteria wengi wema hawaupendi uchachu huo. Majivu ya jikoni kwako, mama, yana kazi hiyo hiyo. Usiyamwage barabarani. Yanyunyize kidogo kidogo kibanjani.

Mtaniuliza: basi chupa na pakiti za dukani hazina faida? Zina faida, ila zina masharti. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, iliendesha mradi ulioitwa COMPRO kupima mbolea na dawa za aina hii zinazouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Walikuta baadhi ni nzuri kweli, na nyingi hazina kilichoandikwa kwenye lebo, au bakteria wake walikwisha kufa. Kwa hiyo ukinunua dawa hai ya magonjwa, tafuta usajili wa TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Na mwulize muuzaji ilikuwa imewekwa wapi. Basilasi huvumilia, kwa sababu anajifungia ndani ya mbegu ngumu inayostahimili ukavu na joto. Ndiyo maana anauzwa kama unga. Sudomonasi hana kinga hiyo. Pakiti yake ikikaa juani kwenye meza ya mnada, umenunua maiti.

Ukifika nayo nyumbani, usiichanganye na dawa za kopa au mrututu, zile tunazopulizia kahawa, kwani kopa inaua bakteria. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Ya mvua ni bora. Mbegu za maharage zilowanishe kwa maji kidogo yenye sukari, changanya na unga wa bakteria kivulini, panda siku hiyo hiyo. Miche ya kahawa na ya migomba chovya mizizi yake jioni, kisha panda kwenye shimo lenye samadi iliyooza vizuri.

Wanaopanda migomba ya tishu, ile inayozalishwa maabara kwenye chupa, wanisikilize kwa makini zaidi. Miche ile ni safi, haina ugonjwa, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini usafi huo umeondoa pia bakteria wema ambao chipukizi la kawaida hutoka nao kwa mama yake. Inaingia shambani bila ya rafiki. Ndiyo maana watafiti wa Kenya wamekuwa wakitafuta bakteria wanaoishi ndani ya migomba ili wairudishie miche hiyo ingali kitaluni. Wewe ukiwa Kimuli unaweza kuanza kwa jambo dogo: ikuze miche yako wiki za mwanzo kwenye viriba vyenye mboji iliyoiva, usiikuze kwenye udongo mtupu wa njiani.

Na kwa kahawa, bakteria wasikufanye usahau yaliyo makubwa zaidi. TaCRI, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, kupitia kituo chake cha Maruku, wanayo miche ya robusta inayokinzana na mnyauko fuzari. Anza na miche hiyo. Usiutie shina jeraha kwa jembe wakati wa palizi, kwa sababu jeraha ni mlango wa fangasi. Chini ya mbuni palilia kwa mkono na utandaze nyasi. Mti ulionyauka ung'oe na uuchome pale pale uliposimama. Usiuburute kupita shambani, wala usiufanye kuni za kubeba hadi nyumbani.

Namaliza na swali ambalo wakulima wa kayinja huuliza kila msimu: mgomba wangu umekufa kwa fuzari, nipande nini kwenye shimo lile? Usirudishe kayinja wala kisukari. Fangasi yule hulala kwenye udongo miaka mingi, hata zaidi ya ishirini, akingoja mzizi anaoupenda. Ng'oa kisiki chote, weka samadi na matandazo, na upande matoke, au maharage kwa misimu kadhaa. Na chipukizi la kayinja unalotaka kupanda kwingine, lisitoke kwenye kibanja chenye ugonjwa, hata kama kwa macho linaonekana zima, hata kama ni zawadi ya shemeji kutoka ng'ambo ya mto Kagera.

Mwenye mgomba au mbuni anaoushuku, amwite bwana shamba wa kata yake auone kabla hajaung'oa. Wiki ijayo tutazungumzia kitalu cha kahawa.